Kutengeneza Rimu ya Baisikeli Iliyopinda Kidogo

Baisikeli ni mtumishi wa mkulima asiyekula majani wala kunywa petroli. Hubeba maziwa asubuhi, maji mchana, na jioni huleta unga na chumvi kutoka dukani. Lakini mtumishi huyu ana miguu miwili tu, na mguu mmoja ukiteguka kazi yote husimama. Mguu wenyewe ni gurudumu, na mfupa wa gurudumu ni rimu, yaani ile duara ya chuma inayoshika tairi.

Wakulima wengi wakiona rimu imepinda hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huendelea kuipanda hivyo hivyo mpaka gurudumu zima likunjike njiani. Wengine huitupa rimu na kununua mpya, ingawa ile ya kwanza ingaliweza kunyoshwa kwa kazi ya saa moja nyumbani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua rimu inayotengenezeka, jinsi ya kuitengeneza, na wakati gani yafaa kuiacha.

KAJIADO NA UGUMU WA NJIA ZAKE

Tuchukue mfano wa nchi ya Kitengela na Kajiado. Zamani ardhi kubwa ya huko ilikuwa ya ranchi za jamii, zilizoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Baadaye ranchi nyingi ziligawanywa, na ile ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Leo mtu ana shamba lake na boma lake, lakini aghalabu boma hilo li mbali na barabara kuu ya Namanga, ambako ndiko maduka, magari na wanunuzi wa maziwa waliko. Mwenzake aliye katika skimu za makazi mahali pengine nchini anaijua hali hiyo hiyo: shamba ni lako, lakini njia ya kufika sokoni ni ndefu.

Tuseme mkulima anakaa kilomita nane kutoka barabara. Asubuhi anafunga debe la maziwa la lita 20 juu ya keria. Uzito wa maziwa peke yake ni zaidi ya kilo 20, na debe la chuma bado halijahesabiwa. Maziwa mabichi hayangoji. Yafaa yafike mahali pa kupozea ndani ya saa mbili au tatu tangu kukamuliwa, hasa siku ya jua kali. Gurudumu likikunjika katikati ya njia, atakokota baisikeli na mzigo wake, na atakapofika mnunuzi atayapima maziwa na kuyakataa. Hasara hiyo si ya rimu tena. Ni hasara ya kazi ya ng'ombe ya siku nzima.

Tena iko hatari ya mwili. Barabara ya Namanga hupitiwa na malori makubwa usiku na mchana. Gurudumu la mbele linaloyumba, au breki inayoshika na kuachia kwa sababu rimu imevimba mahali pamoja, yaweza kumwangusha mtu mbele ya lori. Kwa hiyo kunyosha rimu ni kazi ya usalama pia.

GURUDUMU LINAVYOFANYA KAZI

Ni vizuri kwanza kuelewa gurudumu. Watu wengi hudhani mzigo umekaa juu ya spoki za chini kama nyumba inavyokaa juu ya nguzo. Sivyo. Spoki ni nyembamba mno. Ukiisukuma kwa ncha yake itapinda kama unyasi. Nguvu yake ni katika kuvuta. Spoki zote zimekazwa, na kila moja inaivuta rimu kuelekea katikati, kama kamba za hema zinavyovuta pande zote ili mlingoti usimame. Mtindo huu wa spoki zinazovuta ulienea huko Uingereza katika miaka ya 1870, na tairi la kujazwa hewa likafuata mwaka 1888, lilipobuniwa na John Boyd Dunlop katika mji wa Belfast. Tangu hapo gurudumu la baisikeli halikubadilika sana.

Tazama tena spoki zako. Utaona zinapishana: moja inatoka upande wa kulia wa kitovu cha gurudumu, ya pili inatoka upande wa kushoto. Za kulia huivuta rimu kulia, za kushoto huivuta kushoto. Zikivuta sawasawa, rimu hukaa katikati. Spoki moja ikilegea au kukatika, zile za upande wa pili hushinda, na rimu huenda kwao. Mwenye kulijua jambo hili moja amekwisha kujua nusu ya kazi.

Baisikeli nyingi za mtindo wa kale wa Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo. Nyingi za siku hizi zina 36 kila gurudumu.

KWA NINI RIMU HUPINDA

Sababu ya kwanza ni tairi lisilo na hewa ya kutosha. Hewa ndiyo mto wa rimu. Tairi likiwa laini, jiwe hulibonyeza mpaka likagonga chuma, na mdomo wa rimu hukunjika. Huko Kajiado adui mkubwa wa hewa ni miiba ya migunga. Uko ule mgunga mfupi wenye vifundo vyeusi vikaliwamo na sisimizi, unaopenda udongo mweusi wa Kitengela. Mwiba wake ni mrefu na mweupe, nao hupenya tairi mara moja. Mtu akipata pancha akaendelea kupanda ili awahi, rimu yake hugonga mawe bila mto wowote. Mwendo wa kilomita moja kwa njia hiyo waweza kuharibu rimu kuliko mwaka mzima wa kazi.

Sababu ya pili ni mzigo. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Anayefunga mitungi minne amepakia kilo 80 nyuma, kama mtu mzima mwingine, na mtu huyo haamki juu ya keria wakati wa shimo kama mpanda baisikeli anavyoamka juu ya kiti. Mzigo hupiga rimu kwa uzito wake wote.

Sababu ya tatu ni spoki zilizolegea bila kukazwa. Sababu ya nne ni udongo mweusi wenyewe. Wakati wa mvua hunata juu ya gurudumu mpaka likakwama. Wakati wa kiangazi nyayo za ng'ombe na njia za magari hukauka zikawa ngumu kama matofali.

CHUNGUZA KABLA YA KUSHIKA NYUNDO

Pindua baisikeli, ikae juu ya kiti na usukani. Tandika gunia chini. Kisha fanya uchunguzi huu kwa utaratibu.

Kwanza shika rimu, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza yote pamoja na kusikika sauti ya kugonga katikati, basi kosa ni la kitovu: ekseli imelegea au gololi zimekwisha. Tengeneza hilo kwanza, kwa maana huwezi kupima rimu juu ya kitovu kinachocheza.

Pili funga kijiti au waya kwenye uma, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha gurudumu polepole. Mahali rimu inapoikaribia ncha au kuigusa, tia alama ya chaki. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha weka kijiti juu ya ukingo wa rimu upime kama inapanda na kushuka.

Tatu gusa kila spoki kwa kidole, kama mpiga zeze anavyogusa uzi. Spoki iliyokazwa hulia kwa sauti kali; iliyolegea hulia kwa sauti nzito au hailii kabisa. Linganisha spoki za upande mmoja tu. Gurudumu la nyuma spoki za upande wa mnyororo hukazwa zaidi kwa kawaida, na hilo si kosa.

Nne tazama kwa makini mashimo ya spoki na mahali rimu ilipoungwa. Futa vumbi kwanza. Ukiona ufa, soma sehemu ya rimu isiyotengenezeka hapa chini kabla ya kufanya lolote.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Vyombo si vingi: spana ndogo ya spoki, spana ya kufungulia gurudumu, spana moja ya kupanua na kupunguza kinywa, nyundo ndogo, vipande viwili vitatu vya mti mgumu, tupa laini, msasa, chaki, na mafuta kidogo. Mwenye jiliwa atafurahi zaidi. Spana ya spoki haina gharama kubwa, na majirani kadhaa wanaweza kununua moja kwa ushirika.

Kama nati ndogo za spoki zimeshika kutu, zitie tone la mafuta kila moja jioni, uziache mpaka asubuhi. Ukizilazimisha kavu zitakatika.

MDOMO WA RIMU ULIOKUNJIKA

Hili ndilo kosa la kawaida kabisa. Jiwe limegonga, na ukingo wa rimu umekunjwa nje au ndani kwa urefu wa kidole. Ondoa gurudumu, toa hewa yote, vua tairi na mpira wa ndani.

Ikiwa ukingo umekunjwa nje, weka kipande cha mti ndani ya mfereji wa rimu ili usibonyee kupita kiasi, kisha ubane ukingo polepole kwa jiliwa huku kipande kingine cha mti kikiwa nje. Asiye na jiliwa na aegemeze upande wa ndani wa ukingo juu ya mti mgumu, agonge nje kwa nyundo juu ya kipande cha mti, taratibu. Nyundo isiguse rimu yenyewe, maana itaacha makovu.

Ikiwa ukingo umekunjwa ndani, rekebisha kinywa cha spana kiwe sawa na unene wa ukingo, funika kwa kitambaa, ushike ukingo na uunyanyue kidogo kidogo. Anza pembeni mwa kunjo ukielekea katikati. Usitake kumaliza kwa mara moja. Chuma kinachonyoshwa kwa hatua tano ndogo hukaa. Kinachonyoshwa kwa nguvu moja hupasuka.

Ukimaliza pitisha kidole juu ya ukingo. Palipo na ncha kali piga tupa, kisha msasa, la sivyo patakata tairi. Si lazima ukingo uwe kama mpya. Yatosha ulishike tairi vizuri na usiguse breki.

Hapa yafaa kujua aina ya breki yako. Baisikeli zenye breki za fito za chuma hubana rimu kwa ndani, upande unaoelekea kitovu, hivyo kunjo dogo la ukingo halizuii breki. Baisikeli zenye breki za waya hubana rimu ubavuni. Kwa hizo ubavu lazima uwe laini, maana uvimbe mdogo tu utafanya breki ishike kwa mshtuko.

USIPASHE MOTO

Wako watu wanaopasha rimu kwa mkaa ili iwe laini. Haifai. Moto huondoa rangi na dawa ya kuzuia kutu, na mahali palipopashwa huwa dhaifu kuliko pengine. Rimu ya chuma hunyoka ikiwa baridi. Rimu ya aluminiamu, ile nyepesi isiyoshika sumaku, ni jambo jingine: huvumilia kunyoshwa kidogo sana, na ikishapinda mara ya pili mahali pale pale hupasuka. Usiigonge kwa nguvu.

RIMU YENYE KITUTA AU BONDE

Gurudumu likipanda na kushuka, rekebisha hilo kabla ya kuyumba kwa kushoto na kulia.

Mahali penye kituta, yaani rimu imetoka nje, kaza spoki za pande zote mbili kwa kipimo kimoja, nusu mzunguko kila moja, zivute kituta ndani.

Mahali penye bonde, yaani rimu imeingia ndani kwa kugongwa, legeza spoki za hapo mpaka zicheze. Vua tairi, egemeza gurudumu, weka kipande cha mti upande wa ndani wa rimu katikati ya spoki mbili, ugonge kuelekea nje. Angalia usigonge nati za spoki. Bonde likijaa, kaza tena spoki mpaka zilie kama jirani zake.

RIMU INAYOYUMBA KUSHOTO NA KULIA

Rudisha gurudumu mahali pake, baisikeli ikiwa imepinduliwa. Fanya kazi kwenye sehemu ya rimu iliyo juu, ukiitazama kutoka juu, upande wa tairi. Ukitazama hivyo, kuzungusha nati kama mshale wa saa ni kukaza; kinyume chake ni kulegeza. Mafundi wanafunzi hukosea hapa zaidi ya mahali pengine popote, kwa sababu hutazama kutoka upande wa kitovu, ambako mambo yote yamegeuka.

Tuseme alama ya chaki inaonyesha rimu imekwenda kulia. Kaza spoki mbili tatu za upande wa kushoto zilizo karibu na alama, robo mzunguko kila moja. Kisha legeza za upande wa kulia zilizo katikati yao, robo mzunguko pia. Zungusha gurudumu, utazame. Rudia ikibidi. Robo mzunguko ni neno la kushikwa sana. Anayezungusha mara mbili mara tatu kwa haraka ataondoa kosa moja na kuleta matatu.

Ukiona spoki za upande mmoja zimekaza sana na za upande wa pili zimelegea kabisa, na bado rimu haijanyoka, basi chuma chenyewe kimepinda. Usiendelee kuvuta kwa spoki. Legeza spoki za hapo, ondoa gurudumu, lilaze juu ya vipande viwili vya mti kila upande wa uvimbe, uvimbe ukiwa juu. Bonyeza kwa mikono au goti, kidogo, upime, ubonyeze tena. Ikikaribia kunyoka, rudi kwenye spoki.

Wakati gani uache? Rimu ikiyumba kwa unene wa njiti ya kiberiti, yaani kama milimita 2, na haigusi breki, yatosha kwa kazi ya shamba. Usitafute ukamilifu wa kiwanda.

SPOKI ILIYOKATIKA

Spoki ikikatika njiani, ifunge kwa kuizungusha juu ya jirani yake ili isinase kwenye mnyororo, upunguze mzigo, uende polepole mpaka nyumbani. Tia mpya siku hiyo hiyo. Spoki mpya iwe ya urefu ule ule. Nenda dukani na ile ya kale mkononi. Ipitishe kama wenzake wanavyopita, juu na chini ya zile zinazokutana nayo. Spoki moja isiyowekwa huwaongezea wenzake kazi, nao hukatika mmoja baada ya mwingine.

RIMU ISIYOTENGENEZEKA

Mkulima mwenye busara hujua pia kuacha. Usipoteze muda kwa rimu yenye kasoro hizi:

Ufa kwenye shimo la spoki, ubavuni, au mahali ilipoungwa. Ufa hauponi, na kuchomelea huifanya rimu ipinde na kuwa dhaifu pembeni mwa uungio.

Kutu iliyokula mpaka chuma kikawa chembamba. Piga kwa ncha ya bisibisi. Ikitoboka au kumeguka, imekwisha.

Rimu iliyokunjika nzima kama sahani iliyokaliwa.

Ubavu uliolika kwa breki mpaka ukawa na bonde unalolisikia kwa kidole.

Rimu ya namna hiyo usiiweke mbele kwa kudhani mbele hakuna mzigo. Gurudumu la nyuma likivunjika, huenda ukashuka. Gurudumu la mbele likivunjika, unaanguka kwa uso. Ukinunua nyingine, hesabu mashimo ya spoki na usome ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa tairi, kama vile 28 au 26. Kitovu na spoki nzuri za zamani zaweza kutumika tena, mradi spoki zifae urefu wa rimu mpya.

BAADA YA KAZI

Kabla ya kurudisha tairi, tazama ndani ya rimu. Ncha ya spoki iliyochomoza juu ya nati itatoboa mpira, ipige tupa. Kisha zungushia ukanda juu ya nati zote. Ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani uliokwisha unafaa sana.

Bana spoki mbili mbili kwa mkono kuzunguka gurudumu lote. Zitalia kidogo na kujikalia. Pima tena, urekebishe. Rekebisha breki pia, kwa kuwa rimu imehama. Panda kwanza bila mzigo, ujaribu breki mahali pa tambarare, ndipo upakie. Baada ya siku mbili tatu kaza tena spoki zilizolegea.

Palipochubuka rangi, piga msasa, futa vumbi, upake rangi au mafuta kidogo. Lakini mafuta yasiguse mahali breki inapobana.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTENGENEZA

Siku hizi pikipiki za bodaboda zimeenea hata vijijini, lakini jina lenyewe lilianza na baisikeli katika miaka ya 1960 huko Busia, zilipokuwa zikivusha watu mpaka wa Kenya na Uganda. Waliofanya kazi hiyo waliweza kubeba mtu mzima siku nzima kwa sababu walitunza magurudumu yao. Nasi twaweza.

Shika haya:

1. Jaza hewa kama ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi, na upime kila asubuhi kabla ya kupakia.

2. Ukipata pancha, shuka. Ziba au ukokote. Usipande tairi lisilo na hewa hata hatua kumi.

3. Chukua kiraka, dawa ya kuziba na pampu kila safari.

4. Gawanya mzigo sawa pande zote mbili, ukae chini. Maji mengi ni heri safari mbili kuliko rimu moja.

5. Penye shimo au ukingo wa lami, shuka usukume.

6. Mara moja kila mwezi gusa spoki zote, uzungushe magurudumu, utazame.

7. Osha udongo mweusi siku ile ile, kabla haujakauka.

Saa moja ya kazi hii kila mwezi itakuokolea pesa za rimu mpya, na zaidi ya hayo itayafikisha maziwa yako barabarani yakiwa bado mazuri.